Kabureta Mpya ya Bamukwe

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Mama Adolphine huzunguka nyuma ya nyumba, hupiga goti kidogo mbele ya jenereta yake jinsi mke anavyowasalimu wakubwa wa mumewe, na kusema kwa sauti ya chini, "Yambo, Bamukwe." Halafu huchuchumaa, hufungua koki ya petroli, huacha tone limwangukie kidoleni, hulisugua, hulinusa kama mama anayenusa nepi, na kuifunga koki. Mwisho husimama na kumpiga Bamukwe teke la ubavuni. Si teke la hasira. Ni la kumkumbusha.

Katika mji mzima wa Baraka hakuna mwanamke mwingine anayempiga baba mkwe teke kila siku bila kuitiwa kikao cha ukoo.

Jina hilo lina sababu. Patrice, mume wake, alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, akasema mvua ikiisha atarudi. Mvua iliisha, ikaanza tena, ikaisha. Badala ya kurudi alituma jenereta juu ya gari la mihogo, na ujumbe mdomoni mwa dereva: "Ambia mama, hii itamusaidia mpaka mi nifike." Adolphine aliizunguka ile mashine. Akaiwasha, akaisikia ikikohoa, akaiona ikitoa moshi, ikinywa, ikikataa kazi mpaka ibembelezwe, akasema, "Aa, huyu namujua." Baba mkwe wake wa kweli alikuwa amekufa akikohoa vilevile, Mungu amrehemu, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kulalamikia chakula.

Bamukwe alichaji simu za jirani, akanyoa vichwa katika kibanda cha kinyozi siku za soko, na siku za korali alikwenda kanisani. Hiyo ya kanisani ndiyo kazi iliyomfanya Adolphine ampigie goti.

Maana Adolphine alikuwa ameimba katika korali hiyo tangu usichana, au tuseme alikuwa amefungua kinywa. Sauti yake ilikuwa na nguvu, hilo hakuna aliyelikataa. Ilichokosa ni anwani. Noti ikiwa mlangoni, yeye aliingia kwa dirisha. Masikio yalikuwa mazima, alisikia vizuri kabisa kwamba amekosea, lakini koo lake lilikuwa kama mtoto wa mtu mwingine: unaliagiza chumvi, linaleta sabuni. Waongozaji wa zamani walimvumilia kwa sababu walikuwa viziwi kidogo. Kisha akaja Rosette.

Rosette alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye shingo ya kutazama mbali, na aliongoza kila kitu, hata foleni ya bomba la maji, kama anaongoza darasa. Hakuwa mtu wa kuuliza. Alisema, nawe ukafanya. Siku moja baada ya mazoezi alimwita Adolphine pembeni na kumshika mkono kwa upole, jambo ambalo kwa Rosette ni dalili mbaya.

"Mama Adolphine," alisema, "bamama kama weye, tunabahitaji sana mu maombi."

Adolphine akaelewa. Akakikunja kitenge cha korali, akakirudisha, na Jumapili zilizofuata akaketi nyuma kabisa, pamoja na wale wanaosinzia na wale wanaowahi mlango. Si kwamba watu wa nyuma ni wabaya. Lakini yeye alikuwa amezoea kuketi mbele, bega kwa bega, katikati ya wanawake wanaonong'ona kuhusu mahubiri wakati mahubiri yanaendelea. Huko nyuma hakuna aliyemnong'oneza kitu. Alisikiliza mahubiri yote mpaka mwisho, na hilo lilimchosha sana.

Ndipo kanisa likapata vipaza sauti, yale mabafle meusi makubwa kama kabati, na mikrofoni, zawadi ya ndugu walioko Ulaya. Ndugu walisahau kutuma umeme. Pasta Gisaro, mtu mwembamba aliyeshuka kutoka milimani na familia yake na ambaye bado alihubiri kana kwamba ng'ombe wako bonde la pili na lazima wamsikie, akaja mwenyewe kuomba jenereta.

"Mashini nitaleta," Adolphine alisema. "Lakini haiendaka bila mama yake. Kama yeye iko nyuma ya dirisha ya korali, na mi niko ndani ya dirisha ya korali. Na kitenge."

"Hata kitenge?"

"Pasta, utaona aje muntu anashika mashini ya korali na nguo ya nyumba?"

Rosette alikubali kwa sharti moja: mdomo ufungwe. Ndivyo Adolphine alivyorudi mbele, kwenye ubao mdogo chini ya dirisha, mgongo ukigusa magoti ya waimbaji wa sauti ya kwanza, waya wa Bamukwe ukipita juu ya bega lake. Akavaa kitenge. Akanong'onezwa. Akaacha kusikiliza mahubiri.

Na ni hapo dirishani alipogundua jambo ambalo hakumwambia mtu.

Korali haikuwa na ala nyingine ila ngoma na kayamba, na hizo hazitoi noti. Noti ilitoka kwa Rosette. Aliinua mkono, akafumba macho, akasema "mmmm," na sauti zote nne zikajipanga juu ya ile "mmmm" kama vyungu juu ya mafiga. Kila Jumapili noti ileile, haipandi, haishuki. Watu walisema ni kipawa. Pasta alikitaja kwenye mahubiri. Rosette mwenyewe aliamini kwamba Mungu alimwekea noti hiyo kichwani siku ya kuzaliwa.

Mungu hakuwemo. Mabafle yakipata umeme wa Bamukwe yalinguruma chinichini, "ngmmmm," mngurumo ambao baada ya muda sikio halikuusikia tena, jinsi mtu wa Swima, pale ufuoni mwa ziwa, asivyosikia mawimbi. Rosette aliichukua noti humo. Hakujua. Adolphine alijua kwa sababu siku moja petroli ilikuwa inaisha, Bamukwe akaanza kupoteza nguvu taratibu, mabafle yakashuka, na korali nzima ikashuka nayo, wimbo wa kupaa mbinguni ukiteremka ngazi kwa ngazi mpaka wazee wa besi wakawa wanaimbia kwenye viatu. Rosette aliwagombeza besi. Adolphine alijaza petroli na kunyamaza. Kwenye mazishi, ambako hakuna jenereta, noti ya Rosette ilikuwa ovyo kila mara, lakini mazishini watu wanalia na hakuna anayepima.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokaa, kwa amani, mpaka kabureta ya Bamukwe ilipokufa.

Haikufa ghafla. Ilivuja mpaka petroli iliyoingia kwenye injini na ile iliyoingia ardhini zikawa sawa, na kuku wakaacha kupita hapo. Adolphine aliibana, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akaitukana kwa Kibembe na kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho, mwisho akakubali. Akaenda sokoni kwa Raphaël.

Raphaël aliuza vipuri: minyororo ya pikipiki, buji, kebo, kila kitu kwenye nailoni inayong'aa. Alikuwa kijana mnene mwenye ndoa changa na miwani ya jua aliyoivaa hata kivulini.

"Hii karibirateri iko ya origine?" Adolphine aliuliza, akiigeuza mkononi.

"Mama, sitakudanganya. Ni kopi."

"Aa."

"Lakini ni kopi ya origine. Kuko bakopi ya kopi. Hiyo ndiyo mubaya."

Ilikuwa nzuri kutazama, nyeupe kama meno ya mtoto. Adolphine aliifunga mwenyewe siku hiyohiyo. Tatizo dogo lilitokea katikati: gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya kabureta na injini ili hewa isipite pembeni, ilichanika wakati wa kuibandua. Adolphine hakuwa mtu wa kurudi sokoni kwa ajili ya karatasi. Aliingia ndani, akatafuta kitu kigumu, akapata kadi ya mwaliko wa ndoa ya Raphaël mwenyewe, yenye picha ya bibi harusi, maua ya dhahabu na utando wa kung'aa juu yake. Akaikata vizuri kwa mkasi, akatoboa matundu, akafunga. Kwenye jenereta sasa palibaki nusu ya bibi harusi.

Bamukwe aliwaka mara moja. Akapanda, "wuuuu." Akashuka, "waaaa." Akapanda tena. Hakuzima, lakini hakutulia pia, kama mzee aliyesahau kwa nini ameingia chumbani.

"Atazoea," Adolphine alisema.

Hakuzoea. Jumapili ile Rosette aliinua mkono, akafumba macho, akasema "mmmm," na ile "mmmm" ikaanza kupanda na kushuka kama mtumbwi siku ya upepo. Korali ikafuata. Sauti ya kwanza walipanda, besi wakashuka, wakapishana katikati wakitazamana kwa hasira. Kabanyana, mwimbaji mkuu wa sauti ya kwanza, aliyekuwa na mapafu ya kupuliza moto wa mhunzi, alizunguka noti moja kama anatafuta mahali pa kuegesha. Rosette alifungua macho na kuwatazama wote mmoja mmoja, akiwa na hakika kabisa kwamba wamekula kitu.

Baada ya ibada Pasta Gisaro aliwaita Rosette na Adolphine nyuma ya kanisa. Raphaël alikuwepo pia, hakuitwa, lakini alikuwepo, na miwani yake.

"Makorali yote ya ufuo itakutana Mboko kisha juma moja," Pasta alisema. "Uvira watakuja. Hatutaenda kule na mashini yenye iko na homa. Mama Adolphine, mi nayiombeya, lakini nisikufiche: Raphaël ameleta ya kwake. Mupya. Inawashwa na kidole."

"Na haipige makelele," Raphaël aliongeza. "Unaweza lala pembeni yake."

"Weye lala pembeni ya bibi yako," Adolphine alimjibu. "Karibirateri yako ndiyo imemupa Bamukwe wazimu."

"Mama! Karibirateri ni muzima! Ni mashini yako ndiyo muzee!"

"Muzee ni baba yako."

"Bandugu," alisema Pasta.

Ikaamuliwa hivi. Jumamosi, mazoezi ya mwisho, Bamukwe ajaribiwe. Akishindwa, jenereta ya Raphaël iende Mboko, na ikienda Mboko, itabaki kanisani. Hakuna aliyesema neno juu ya ubao chini ya dirisha wala juu ya kitenge kipya cha safari hiyo kilichokuwa kwa fundi. Haikuhitajika. Jenereta inayowashwa kwa kidole haina haja ya mama.

Usiku wa siku hiyo Adolphine alilala vibaya na kuamka mapema. Alipiga goti, "Yambo, Bamukwe," akapiga teke, kisha akakunja mikono ya blauzi.

Alianza na petroli, kwa sababu petroli ndiyo ya kwanza kulaumiwa siku zote. Akafungua kikombe cha chini cha kabureta, pale petroli inapongojea zamu, akakimwaga kwenye bakuli jeupe na kutazama. Maji hujificha chini ya petroli kama macho ya samaki. Hapakuwa na macho. Petroli safi. Akahisi kudhulumiwa kidogo, maana muuzaji alikuwa jirani na matusi yalikuwa tayari.

Akatoa buji, ile plagi inayotoa cheche. Buji inayokula vizuri huwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki ya Rosette. Adolphine aliiinua kwenye mwanga. "Haiko mugonjwa," aliiambia mashine. "Iko na njaa."

Basi akatafuta anayemnyima chakula. Akaifungua kabureta yote juu ya sinia la wali. Ndani mna kijipipa kidogo cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli ya mwendo mdogo, tundu lenyewe jembamba hata usilione mpaka ulipeleke kwenye jua. Watu wengi hulichokonoa kwa sindano, wakalipanua, na baada ya hapo mashine hunywa kama msafara wa harusi. Adolphine hutumia uzi wa nailoni wa nyavu za dagaa. Uzi unapita, unasugua, haukwaruzi. Alipitisha, akapuliza, akaonja uchafu kwa ulimi, akatema. Akafunga tena. Akavuta kamba.

"Wuuuu. Waaaa."

"Mupumbavu," Adolphine alisema, na hakueleza ni nani.

Alifanya kile alichopaswa kufanya mwanzo. Akashika kijiti cha starteri, kile kinachozuia hewa wakati wa kuwasha asubuhi, akakisogeza nusu. Bamukwe akatulia papo hapo. Akarudisha, wazimu ukarudi. Akasogeza, utulivu. Kwa hiyo si petroli peke yake iliyopungua. Ni hewa iliyozidi. Kuna mahali ilikuwa inaingia bila kupita mlangoni, na Adolphine, kwa historia yake, alikuwa na huruma na kitu chochote kinachoingia kwa dirisha, lakini si leo.

Akakoroga sabuni kwenye kikopo, akapiga povu, akalipaka pembeni mwa kabureta, mashine ikiunguruma. Juu, hakuna kitu. Kushoto, hakuna kitu. Upande wa injini, chini, povu likatoweka, likanyonywa lote, na Bamukwe akakwama kama mtu aliyemeza mate vibaya.

Gasketi.

Alipoifungua, bibi harusi alikuwa amejikunja. Utando wa kung'aa uliyeyuka kwa joto, karatasi ikasinyaa, maua ya dhahabu yakageuka gundi, na pembeni pamebaki njia ya hewa ya kupitisha ukucha. Adolphine aliishika kadi ile kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, akatazama huku na huku kama kuna mtu aliyemwona, kisha akaitupa kwenye choo. Alikuwa amemtukana Raphaël mbele ya pasta. Asingeomba msamaha, mtu hawezi kuomba msamaha kwa kijana mwenye miwani ile. Lakini siku hiyo, alipopita dukani kwake kununua gasketi halali, hakumtukana tena, na kwa Raphaël hiyo ilikuwa karibu sawa.

"Imepona, mama?"

"Ndoa yako inaendelea muzuri?"

"Muzuri sana."

"Basi usiitie karibu na moto," Adolphine alisema, akaondoka na gasketi yake, akamwacha Raphaël akifikiria.

Kwa gasketi mpya Bamukwe alitulia, ila si kabisa. Kilibaki kigugumizi, kama mwanafunzi anayejua jibu lakini anaogopa. Hapa sasa kopi ilikuwa na lawama yake. Skrubu ndogo ya pembeni, ile inayopima kinywaji cha mashine ikiwa haina mzigo, ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki yenye jino, ili isizunguke zaidi ya nusu. Waliotengeneza waliamua kwamba mashine zote za dunia zina njaa moja. Adolphine alishika kofia kwa koleo, akaing'oa kama jino bovu, akazungusha skrubu taratibu kwa bisibisi, sikio likiwa kwenye bomba la moshi. Kidogo. Kidogo tena. Kigugumizi kikaondoka. Akaendelea hadi mashine ilipoanza kunung'unika kwa shibe, akarudi nyuma kidogo, akaacha.

Bamukwe alinguruma kama siku aliyoshuka kwenye gari la mihogo. Hapana, vizuri zaidi. Balbu ya jikoni, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya njano kama yai, ikawa nyeupe hata Adolphine akaona vumbi ambalo hakujua analo. Alicheza hatua mbili tatu pale uani. Alimbusu Bamukwe kwenye tangi, jambo ambalo mkwe hapaswi kufanya hata kidogo.

Jumamosi alimleta kanisani kwenye toroli, amepanguswa. Pasta alikuwepo. Raphaël alikuwepo na jenereta yake chini ya kitambaa, kama maiti ya mtu mkubwa. Korali ilijipanga. Adolphine akamwasha Bamukwe kwa kuvuta kamba mara moja, akaingia ndani, akakaa kwenye ubao wake na kukunja mikono, uso umejaa unyenyekevu wa uongo.

Mabafle yakanguruma. Rosette akainua mkono, akafumba macho.

"Mmmm."

Nywele za Adolphine zilisimama. Ile noti ilikuwa juu. Alisahau, katika furaha yake ya balbu nyeupe, kwamba Bamukwe wa zamani alikuwa amechoka. Kwa miaka alikuwa akienda polepole, na mngurumo wa mabafle ulikuwa wa mzee anayechechemea. Sasa mzee alikuwa anakimbia, na noti ilikuwa imepanda naye.

Korali ikaingia bila wasiwasi, kwa sababu waliamini. Mistari ya kwanza ilipita. Kwenye kiitikio, pale sauti ya kwanza hupanda hata siku za kawaida, Kabanyana alivuta pumzi, akapanda, akapanda, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kuanikia nguo, na sauti iliyotoka mbwa wa nje waliijibu. Mwanamke wa pembeni yake aliacha kuimba na kumshika mgongo. Wale wa tenori walikuwa wanaimba kwa vidole vya miguu. Wazee wa besi tu ndio walifurahi. Mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa na nafasi.

"Simameni!" Rosette alipiga kofi. "Kabanyana, ni nini hiyo?"

"Mwalimu, ni weye umetupandisha juu ya nyumba!"

"Mimi? Mimi natoa noti yangu ya siku zote!"

"Basi siku zote imekonda!"

Pasta Gisaro alipangusa uso. "Mashini inafanya bazimu," alisema, ijapokuwa mashine ilikuwa imetulia kuliko mtu yeyote mle ndani. "Raphaël, leta ya kwako."

Adolphine alikunjua mikono, akainuka. Alitoka, akamzima Bamukwe, akachomoa waya. Alisimama kando huku Raphaël akifunua kitambaa, akachomeka, akabonyeza kwa kidole. Ilisikika sauti kama paka anayelala. Taa zikawaka. Mabafle hayakufanya "ngmmmm." Hayakufanya kitu. Ulikuwa umeme safi, wa kisasa, usio na uvumi.

"Munasikia?" Raphaël aliuliza kwa majivuno. "Hamusikii kitu."

Rosette akainua mkono, akafumba macho, akangoja. Akangoja kitu ambacho hakujua anakingoja. Kanisa zima lilikuwa kimya. Mwishowe akasema "mmmm," lakini kwa mara ya kwanza ilikuwa na alama ya kuuliza nyuma yake, na korali, watu watiifu, wakaingia kila mmoja kwa mlango alioukuta wazi. Hapo palikuwa na nyimbo nne, zenye maneno yaleyale. Mzee mmoja wa besi aliimba mpaka mwisho wa ubeti akiwa peke yake, kwa imani. Pasta alikaa chini. Kabanyana alianza kucheka, akaficha uso kwenye kitenge, na kicheko kikaenda benchi hadi benchi. Rosette pekee hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono bado juu, na kwa mara ya kwanza Adolphine aliona kwamba shingo ile ndefu ilikuwa imeinama, ikitazama sakafu.

Angeweza kufurahi. Mtu aliyemtoa kwenye korali alikuwa amesimama bila noti mbele ya watu, na siku ya Mboko watu wa Uvira wangekuwepo. Lakini kitenge kipya kilikuwa kwa fundi, na ubao ulikuwa chini ya dirisha, na isitoshe, kelele ile ilimwumiza masikio.

"Pasta," alisema, "acha nimuingize Bamukwe tena. Mara moja tu."

Pasta alipunga mkono kama mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu.

Adolphine akachomeka waya, akavuta kamba, lakini safari hii hakurudi kwenye ubao. Alibaki nje, amechuchumaa, bisibisi kwenye skrubu ya mwendo, ile inayopunguza kasi ya mashine, kichwa kimechungulia dirishani kiasi cha kumwona Kabanyana. Mabafle yakanguruma. Rosette akasema "mmmm," kwa woga, na korali ikapanda tena juu ya nyumba. Adolphine akazungusha skrubu polepole, kama mtu anayemshusha mbuzi kutoka kwenye paa, asimshtue. Noti ikaanza kushuka, na korali ikashuka nayo bila kujua kama inashuka, katikati ya ubeti, wote pamoja. Hakutumia koo lake, koo lile asingeliamini kwa kitu chochote. Alitazama mishipa ya Kabanyana. Ilikuwa kama kamba, ikawa kama uzi, ikalala. Kabanyana alivuta pumzi, akaingia kwenye kiitikio kama mtu anayeingia nyumbani kwake na kuvua viatu.

Pale pale. Adolphine akatoa bisibisi.

Taa zilikuwa zimerudi njano kama yai. Hakuna aliyejali. Waliimba wimbo mpaka mwisho, wakarudia kiitikio bila kuambiwa, na wazee wa besi wakakubali kupungua. Pasta Gisaro alisimama katikati ya ubeti na kuanza kupiga makofi, nje ya mdundo, kama kawaida yake. Raphaël alivua miwani.

"Hiyo ndiyo itaenda Mboko," Pasta alisema walipomaliza. "Na moshi yake, na makelele yake. Bwana asifiwe."

Watu walitoka wakicheka, Kabanyana akimwiga yule mzee wa besi. Adolphine alikuwa anakunja waya alipoona viatu vya Rosette mbele yake. Rosette alikuwa ametoka peke yake. Alimtazama Bamukwe, akatazama bisibisi iliyokuwa bado mkononi mwa Adolphine, akatazama waya mpaka ulipopita dirishani hadi kwenye mabafle. Alikuwa mwalimu, hesabu ile haikuwa ngumu. Kisha akachuchumaa, jambo ambalo Adolphine hakuwahi kumwona akilifanya, sketi yake iliyopigwa pasi ikigusa vumbi na petroli.

"Mama Adolphine," alisema polepole, "kwa nini hukutuambia?"

Adolphine alimalizia kukunja waya, akaufunga kwa fundo.

"Mungenunua piano," alisema. "Na mi ningekaa wapi?"